Tundu Namba Ishirini na Mbili

Jumapili, mwezi wa saba, saa kumi alasiri.

Baridi. Asubuhi kulikuwa na jua, halafu saa nane mvua ya mawe ikapiga mabati ya ofisi kwa nguvu hata nikaziba masikio. Sasa imeacha, na mawe yamelala kwenye nyasi kama chumvi iliyomwagika. Vidole vyangu vimekufa ganzi. Lakini nikikaa bila kuandika nitaanza kufikiri, na leo sitaki kufikiri bila kalamu mkononi.

Nimefanya ubaya. Nauandika hapa kwanza kwa sababu daftari hili halina uso.

Sikuufanya kwa nia. Nimeisoma tena sentensi hiyo na nimeiona ilivyo: ni sentensi ya karani, ya kujikinga. Basi na ibaki, lakini nisijidanganye kwamba inanisaidia.

Mambo yalianza na kamera. Mzungu mwenye shamba hili, ambaye wafanyakazi wakiwa peke yao humwita Bwana Maua, hupenda maua ya porini kuliko ngano yake. Anayapiga picha na kuyabandika kwenye kitabu kikubwa. Lakini tangu arudi kutoka vitani mikono yake inatetemeka, na picha zake zilianza kutoka kama vitu vilivyoonekana ndani ya maji. Miezi mitatu iliyopita aliingia ofisini, akanitazama nikiandika rejista ya maziwa, akasema, "Karani, mkono yako hapana tetemeka. Wewe tapiga picha."

Mkono wangu hautetemeki. Vingine vyote ndani yangu hutetemeka, lakini hajawahi kuviona.

Ni kamera ya kukunja, ikifunguliwa hutoa kifua chenye makunyanzi kama kinanda cha kuvuta. Ina mambo matatu, na yote matatu yanamngoja mtu akosee. Kwanza ni tundu la lenzi, ambalo hufunguliwa na kufungwa kwa namba. Namba ndogo ni tundu kubwa, namba kubwa ni tundu dogo, na ilinichukua wiki nzima kulikubali jambo hilo. Pili ni mwendo wa kope la ndani, linalofumbua na kufumba. Tatu ni umbali, unaopimwa kwa futi.

Filamu yangu ya kwanza ilirudi kutoka kwa Mhindi wa studio mjini Eldoret ikiwa tupu. Nane zote. Niliiinua dirishani na nikaona miti ya nje kupitia filamu, kama ninavyoiona kupitia kioo. Bwana hakupiga kelele. Aliniuliza tu shule yangu ilifundisha nini.

Sikulala vizuri wiki ile. Watu wangu wako ng'ambo ya mto Nzoia, na jina langu la karani ndilo linalotajwa kanisani kwetu wakati wa kuombea waliotoka nyumbani. Nikifukuzwa hapa, kipande changu, ile karatasi ya kazi ya kila Mwafrika, kitaandikwa maneno ambayo kila mwajiri atayasoma kabla ya kusoma uso wangu.

Basi nikafanya ninachojua kufanya. Nilichukua kamba ya katani nikaifunga fundo kila futi moja, ili nipime umbali bila kubahatisha. Nilijifunza kutazama kivuli changu mwenyewe: kingo zake zikiwa kali, jua linatosha kufunga tundu, kingo zikipotea, lifunguliwe. Tena nikaanza daftari dogo la picha. Kila picha ina mstari wake: namba, siku, saa, mahali, kamera inatazama wapi, tundu, mwendo, futi. Naandika kwa penseli ili niweze kusahihisha.

Bwana alipenda sana daftari lile.

Filamu ya pili ilikuwa na picha. Lakini nilikuwa nimefungua tundu mpaka nne na nusu, kama alivyoniagiza, na kichwa cha ua kilitoka wazi na majani yake yote yakayeyuka. Bwana alikiweka kidole juu ya picha. "Hii nini? Ua moja mzuri, ingine yote uji." Alisema hivyo mbele ya nyapara Kibet, na Kibet akacheka. Kibet si mtu mbaya. Alicheka kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha.

Mimi sikucheka. Niliapa moyoni kwamba katika picha zangu hakutakuwa na uji tena.

Sasa lazima nimwandike Mzee Kiplimo.

Mzee Kiplimo ni skwota, yaani anakaa na kulima kipande kidogo ndani ya shamba la Bwana kwa kumfanyia kazi. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika rejista yangu. Yeye husema kwamba baba yake alijenga kwenye kile kilima kabla ya waya wowote kuvutwa hapa, na kwamba shamba ndilo lililomkuta. Ana ruhusa ya ng'ombe sita. Naijua namba hiyo kwa sababu mimi ndiye ninayeiandika.

Kila Jumapili baada ya ibada mimi huenda kwake, kwa kuwa kwetu ni mbali. Mkewe, Mama Tabitha, hunipa mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa ya kugandisha yenye mkaa, na mara ya kwanza nilipokunja uso alisema, "Kunywa, karani. Hata wino ni mweusi na hauogopi." Tangu siku ile nimekuwa kama mtu wa nyumba ile.

Mzee alianza kunifundisha ng'ombe. Mimi nilikuwa naona ng'ombe mweupe, ng'ombe mwekundu, basi. Yeye alikuwa na jina kwa kila rangi na kila doa: mwenye mkanda tumboni, mwenye uso wa majivu, mwenye madoa ya kanga. "Nyinyi watu wa Nzoia," alisema, "mnatazama ng'ombe kama mnavyotazama mvua. Mnasema tu kwamba ipo." Na aliponiona nimepiga magoti kwenye matope mbele ya ua, na kamba yangu ya mafundo, aliita kutoka ng'ambo ya kijito, "Karani! Kanisani hupigi magoti hivyo!"

Mwezi uliopita aliniambia siri. Hakuninong'oneza. Aliniambia kama mtu anavyomwambia wa nyumbani. Ana rafiki upande wa Yamumbi ambaye mwajiri wake aliamuru skwota wote wapunguze mifugo. Rafiki huyo akamletea Mzee ng'ombe wanane awatunze. Kwa desturi yao hakuna ajabu: mtu huweka ng'ombe wake kwa rafiki, rafiki hunywa maziwa, ng'ombe hubaki wa mwenyewe hata miaka ishirini ikipita. Mzee alisema angeona aibu zaidi kukataa kuliko kufukuzwa.

Kwa Bwana, ng'ombe aliye kwenye boma lako ni wako. Nilimwambia hivyo Mzee. Akasema, "Ndiyo maana nimekuambia wewe, si yeye."

Wiki tatu zilizopita, Jumatano, Bwana alikuwa kitandani na homa. Nilikwenda peke yangu juu ya bwawa, mahali ambapo yale maua marefu ya majimaji yamesimama kwa kundi, mekundu juu na manjano chini, kama vijiti vya kiberiti vilivyowashwa vyote pamoja. Kivuli changu kilikuwa kikali. Hakukuwa na upepo.

Aliniagiza nifungue tundu. Kwa maua ya karibu, alisema, fungua, ili mambo ya nyuma yapotee. Nilikumbuka uji. Nilikumbuka kicheko cha Kibet.

Nikafunga mpaka ishirini na mbili.

Nikavuta kamba: maua yalikuwa futi kumi na tatu. Kwenye jedwali la kamera imeandikwa kwamba kwa tundu hilo, ukiweka mshale kwenye futi ishirini na tano, kila kitu kitakuwa wazi kuanzia futi kumi na tatu mpaka milimani. Kila kitu. Sikuweza kuamini bahati yangu. Niliisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, mwendo ishirini na tano, nikashika pumzi, nikabonyeza.

Ng'ambo ya kijito, hatua kama mia moja na hamsini, ng'ombe walikuwa wameshuka kunywa maji. Niliwaona kwa macho yangu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini kile kioo kidogo cha kutazamia si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, na ndani yake walikuwa kama punje za mtama. Nikafikiri kwamba kamera huona kama kioo chake kinavyoona.

Halafu nikafungua daftari langu na kuandika kwa mwandiko mzuri: Namba tano. Jumatano, saa tatu asubuhi. Juu ya bwawa, inatazama bonde la Kiplimo.

Jumatatu iliyopita picha zilirudi, ndogo ndogo. Namba tano ilikuwa nzuri. Hata leo, nikiwa na uchungu huu wote, siwezi kusema haikuwa nzuri. Kila ua, kila jani, kila unyasi ulisimama peke yake. Nyuma kulikuwa na vidoa. Nilidhani ni kasoro ya karatasi. Bwana alinishika bega, yeye ambaye hakuwa amewahi kunigusa. "Mzuri, karani. Mzuri kabisa. Mimi taka hii kubwa."

Nilikwenda ofisini nikitembea kama mtu mrefu.

Alhamisi ile kubwa ikafika, pana kama gazeti lililofunguliwa. Bwana aliiweka juu ya meza yangu, juu ya rejista, akatoa kioo chake cha kukuzia ili afurahie maua. Nilisimama nikingoja kusifiwa. Kioo kilipita juu ya maua, kikapanda, kikasimama.

"Hii nini?"

"Ni maua, Bwana."

"Hapana maua. Nyuma." Akanipa kioo. "Wewe hesabu."

Niliinama. Wa kwanza niliyemwona alikuwa yule mwenye mkanda tumboni. Nilimjua. Mzee alikuwa amenifundisha kumjua. Halafu mwenye uso wa majivu. Halafu wale wageni wa Yamumbi, mmoja nyuma ya mwingine, shingo zimeinama majini, kila mmoja wazi kama herufi.

Ningeweza kusema ni vichaka. Ningeweza kusema ni ng'ombe wa Bwana mwenyewe waliovuka. Maneno hayo yalinijia Ijumaa, nikiwa naoga.

"Ngapi?"

"Kumi na nne, Bwana."

"Kiplimo iko na ruhusa ya ngapi?"

"Sita, Bwana."

Akachukua daftari langu dogo, akatafuta namba tano, akasoma siku, saa na mahali. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia mimi ni karani mzuri.

Ijumaa asubuhi wale wanane walifungwa kwenye boma la josho, na Mzee Kiplimo akapewa siku saba aondoke na nyumba yake. Alipouliza nani amesema, Bwana alimjibu, "Mimi iko na macho." Basi.

Leo sikwenda kanisani. Nilikwenda kwake moja kwa moja, na kamera ikiwa begani kwenye mfuko wake wa ngozi, maana Bwana ameniachia. Kwenye filamu iliyomo sasa imebaki picha moja tu, namba nane, na filamu nyingine haijafika kutoka Nairobi. Amri yake ni kwamba kesho asubuhi nikaipige kwenye bonde la chini ya miti ya miwati, wanakokaa skwota wengine. "Kama namba tano," alisema. "Yote wazi."

Njiani nilijiambia kwamba nitasema nikifika tu, kabla ya kuketi.

Nikaketi. Mama Tabitha alikuwa akifunga vibuyu kwa nyasi ili visivunjike, akaacha kimoja, akanimiminia. Hakufanya mzaha juu ya wino. Mzee alikuwa akitoa nyasi za paa za upande mmoja, akizipanga, kana kwamba zitahitajika.

"Karani," alisema bila kugeuka, "wewe unakaa pale ofisini. Ni nani alipeleka habari?"

Kikombe kilikuwa mdomoni mwangu. Nikakiacha pale muda mrefu kuliko kiu.

"Sijui, Mzee."

"Mimi najua. Ni Kibet. Jumatano moja nilimwona anatembea kule juu ya bwawa."

Yule aliyemwona juu ya bwawa nilikuwa mimi. Mbali vile, mtu aliyevaa koti ni mtu aliyevaa koti.

"Nimemwambia mke wake asije kuaga," Mama Tabitha alisema. Yeye na mke wa Kibet walibatizwa siku moja.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua kinywa. Mlango ulikuwa mbele yangu, wazi. Nikatazama viatu vyangu.

Halafu Mzee akashuka kutoka paani, akapangusa mikono, akaunyoshea kidevu mfuko wa ngozi. "Hiyo mashine yako ina nafasi?"

"Imebaki moja, Mzee."

"Tupige sisi. Na nyumba, kabla sijaimaliza. Maua umeshayapiga ya kutosha." Akageuka akatazama kilima kilicho nyuma, alikojenga baba yake. "Na kile kilima kiingie. Kionekane vizuri, kisiwe kama ukungu. Nikifa huko niendako, wajukuu wataambiwa tulikuwa tunakaa hewani."

Nilitaka kusema kwamba ile moja ina kazi yake kesho. Nilitaka kusema kwamba picha zote zina namba, na kwamba Bwana huzipitia moja moja. Yote hayo ni kweli, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi nilivyo hodari wa kupata mambo ya kweli ya kujificha nyuma yake.

Nikasimamisha miguu mitatu. Nikavuta kamba, na Mzee akashika ncha ya pili kifuani kwake. Futi kumi na tatu. Kivuli changu kilikuwa kikali, kwa maana mvua ilikuwa bado. Ili kilima kionekane kulikuwa na njia moja tu, na mikono yangu iliijua bila kuniuliza: mshale kwenye ishirini na tano, tundu kwenye ishirini na mbili.

Mama Tabitha alivua kitambaa cha kazi akafunga cha kanisani. Mzee alisimama kama mtu anayepimwa.

"Usipumue, Mzee."

"Nimeacha tangu Ijumaa," akasema.

Nikabonyeza. Kule nyuma, chini ya kilima, wale sita wake walikuwa wakila.

Nilitembea kurudi, na mvua ya mawe ikanikuta karibu na ofisi.

Sasa kamera iko mezani mbele yangu. Ndani yake kuna picha ambayo Bwana ataiona kabla ya mtu yeyote. Atauliza kwa nini bonde la miwati halipo, na kwa nini filamu yake imemalizikia kwa skwota aliyefukuzwa. Mgongo wa kamera una kishikizo kidogo. Nikikivuta na kuuachia mwanga uingie kwa dakika moja, filamu itaharibika yote, nami nitasema ilikuwa bahati mbaya, na nitaitwa kipofu wa shule, na nitabaki na kazi. Nimekigusa kishikizo hicho mara mbili tangu nianze kuandika ukurasa huu.

Nisipokivuta, na kama Bwana hataichana, nitamwomba Mhindi nakala ya namba nane na kuipeleka kwa Mzee mwenyewe, popote atakapokuwa amefika. Ataishika mbali na uso kama wazee wanavyofanya. Atatazama nyumba, mkewe, kilima. Kisha atawaona ng'ombe. Hakuna ng'ombe anayepita mbele ya macho yake bila kutajwa, hata awe mdogo kama punje. Atamtaja mwenye mkanda tumboni, atamtaja mwenye uso wa majivu, atafika sita. Ataelewa kwamba yale macho ya Bwana yalikuwa mashine hii. Na mimi nitakuwa nimesimama mbele yake na mfuko wa ngozi begani.

Sitahitaji kusema kitu. Hata huo ni woga, najua. Lakini Kibet atasalimiwa tena.

Nimechukua daftari dogo la picha. Penseli ilikuwa karibu. Nimeiacha, nimechovya kalamu kwenye wino:

Namba nane. Jumapili, saa sita mchana. Nyumba ya Mzee Kiplimo na mkewe, kilima nyuma. Tundu 22, mwendo 25, futi 25. Yote wazi.

Wino haujakauka kwa sababu ya baridi. Naungoja ukauke. Kishikizo kimefungwa.